Sekunde Moja na Nusu

Miguu ililetwa ndani ya kiroba cha mbolea. Mzee Gwandumi aliibwaga kando ya kitanda cha mkewe katika hospitali ya Tukuyu, kisha akajifuta viganja kwenye koti kama mtu aliyetoka kutupa mzoga.

"Hiyo hapo," alisema. "Si mmeifuata? Ichukueni."

Subilaga Mwakajumba alichuchumaa akakifungua kiroba. Ilikuwa Himili ya toleo la nne: vyuma viwili vyepesi vya kuvaliwa juu ya miguu, kuanzia kiunoni hadi kwenye nyayo, na mota nne za kumbeba mtu ambaye miguu yake mwenyewe imechoka kumbeba. Goti la kushoto lilikuwa limepinda. Tope jeusi la Rungwe lilikuwa limekaukia kwenye bawaba. Goti hilo alilichora yeye, alilijua kuliko lake mwenyewe, na kuliona limepinda vile kulimchoma kidogo. Uchungu wa fundi tu, si zaidi.

Kwa kawaida kazi ya kufuata miguu ya watu walioanguka ilikuwa ya mafundi wa wilaya. Lakini fundi wa Rungwe alikuwa amefiwa, na mkuu wa kitengo akamwambia, "Nenda wewe, Subi, si ndiko kwenu? Unasoma kumbukumbu, unawasomea majibu, wanasaini fomu, unarudi Mbeya kabla ya chakula cha mchana."

"Shikamoo, mama," alimsalimu mgonjwa.

"Marahaba, mwanangu." Ikupa Mwandemele alikuwa amelala chali, nyonga imefungwa, bega la kulia limezungushiwa bandeji mpaka shingoni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo alikuwa mkunga wa zahanati ya Isongwa. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulimkalisha chini miaka mitatu. Himili ikamwinua, akarudi kazini. "Wewe ni wa akina nani?"

"Mwakajumba, mama. Wa Masoko."

"Aa, Masoko. Basi nimeshawapokea wawili watatu wa kwenu." Alitaka kucheka, bega likamkataza. "Nikuambie ilivyokuwa, au mashine itakuambia yenyewe?"

"Niambie wewe kwanza."

Ikupa akamwambia. Zahanati ya Isongwa imejengwa kwenye mteremko. Chumba cha kujifungulia kiko juu, mtungi wa hewa uko chini, na katikati kuna ngazi kumi na tisa za zege. Asubuhi ile mzazi alikuwa anatoka damu na nesi pekee aliyekuwapo alikuwa amemshikilia. Mtoto alikuwa amezaliwa wa bluu, halii. Ikupa alimfunga kwenye khanga, akamkumbatia, akaanza kushuka.

"Ngazi ya kumi na moja ilikuwa na maji. Nikateleza. Kidogo tu, mwanangu, mtelezo wa kila siku. Miguu ikakaza, nikajua nimeshikwa. Halafu yule dada akasema, na miguu ikawa kamba."

"Dada yupi?"

"Yule wa ndani ya mashine."

Alipohisi anakwenda, alijigeuza hewani akaangukia mgongo, mtoto akiwa juu ya tumbo lake. Mtoto alipona. Alilia palepale, Ikupa alisema, akalia vizuri kabisa, na yeye alilala chini ya ngazi akimsikiliza na hawezi kusogeza hata kidole.

"Sasa wanasema mimi mzembe," aliendelea. "Zahanati imenisimamisha. Ndugu za yule mzazi hawataki kuniona. Ofisi yenu ilinipigia simu, kijana akanisomea kitabu: ukurasa wa arobaini na moja, usibebe mtoto ukiwa umevaa kifaa hiki. Mimi ni mkunga! Nikiambiwa nisibebe mtoto, nibebe nini?"

Subilaga alivuta kompyuta mapajani. Aliunganisha waya kwenye kiuno cha miguu, kompyuta ikaanza kuvuta kumbukumbu. Na kwa kuwa hakuwa mzoefu wa kazi ile, alisahau kuzima spika. Pale chini sakafuni, kutoka ndani ya kiroba cha mbolea, sauti ya mwanamke ikasema kwa upole:

"Himili inakuachia. Tafadhali jishikilie."

Mzee Gwandumi aliruka nyuma. Ikupa aligeuza uso polepole, akawa anautazama mdomo wa Subilaga, si kiroba.

"Ni wewe," alisema.

Ilikuwa yeye kweli. Miaka minane iliyopita, kampuni ikiwa haina hata chumba cha kurekodia, alijifunika blanketi kichwani ndani ya stoo ya vipuri akasema maneno yale mara kumi, mpaka mwenzake akasema hiyo inatosha. Hakuwahi kuyasikia tena tangu siku ile. Watu wa maabara hawaanguki.

Alishusha macho kwenye kompyuta. Majibu yalikuwa yamekwisha kujiandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa: KIFAA HAKIKUWA KAZINI WAKATI WA TUKIO. Chini yake, kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, kulikuwa na saa mbili. Saa ya kuachia. Saa ya kuanguka. Alitoa moja kwenye nyingine.

Sekunde moja na nusu.

Alidhani amekosea. Akatoa tena. Akakagua saa ya mashine kama ni nzima, ikawa nzima.

"Inasemaje?" Mzee Gwandumi aliuliza.

"Inasema... inasema kifaa hakikuwa kazini."

"Alikuwa amekivaa!"

"Najua, baba."

"Sasa kilikuwa wapi?"

Fomu ya kusaini ilibaki ndani ya mkoba. Subilaga aliomba aondoke na miguu, akaitoa betri kwa mkono wake mwenyewe, akakibeba kiroba mgongoni hadi kwenye gari bila hata kukumbuka kuaga.

* * *

Achia Salama lilikuwa wazo lake, na lilikuwa wazo zuri. Miaka ile ya toleo la kwanza, mtu akianguka huku mota zimekaza, chuma kilikataa kukunjika na mfupa wa paja ukavunjika kama muwa. Watu watano walivunjika hivyo. Subilaga hakulala vizuri mwaka mzima. Ndipo akabuni mashine ilegee mwishoni kabisa, pale kuanguka kunapokuwa hakuna budi, robo ya sekunde kabla ya mwili kugusa chini, ili mtu akunjike kama watu wanavyokunjika. Tangu hapo mapaja hayakuvunjika tena. Alipandishwa cheo, akahamishiwa kwenye kazi ya magoti, na kila mtu akimuuliza anafanya kazi gani alijibu kwa fahari: nalinda watu wasiumie.

Robo ya sekunde. Si moja na nusu.

Mchana uleule, kwenye karakana ya Mbeya, aliingiza kumbukumbu za Ikupa ndani ya programu ya kuigiza mwendo. Programu hiyo ilichora mtu wa mistari tu, bila uso. Aliiambia: mteremshe kama alivyoteremka. Mtu wa mistari akashuka ngazi kumi, akateleza ya kumi na moja, miguu ikakaza, miguu ikalegea, akaanguka. Subilaga alimtazama akilala pale chini. Kisha akabadilisha namba moja tu, akairudisha robo ya sekunde yake, akaanzisha upya.

Mtu wa mistari akashuka ngazi kumi. Akateleza. Miguu ikakaza, goti la kushoto likazama kidogo, kiuno kikasogea kulia, akasimama. Akatulia. Akashuka ngazi ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, mpaka ya mwisho, akaenda zake hadi ukingo wa kioo.

Alimrudisha juu akamshusha tena. Na tena. Mara ya nne alijikuta amesimama, mkono mdomoni.

Mashine haikushindwa kumshika mama Ikupa. Ilikwisha kumshika, ikamwachia.

Alifungua faili la sasisho la tatu, la miaka minne iliyopita. Lilikuwa na kurasa arobaini za mambo ya chaji na kelele za mota. Katikati, ukurasa wa ishirini na sita, palikuwa na aya moja: Achia Salama ianze mara tu uwezekano wa kuanguka ufikapo asilimia thelathini, ili kifaa kisihesabike kuwa kazini wakati wa tukio.

Asilimia thelathini. Maana yake mtu akiteleza mara kumi, mara saba angesimama mwenyewe na mashine yake. Wao walimwachia mara zote kumi.

Chini ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na saini ya aliyepitisha. Ilikuwa yake mwenyewe: aliijua ile S iliyojikunja kama mkia wa kinyonga. Alikuwa amesaini bila kusoma.

* * *

"Ulidhani yale maonyo mia mbili na kumi na mawili ya kitabuni tuliyaandika ili yasomwe?" aliuliza Wakili Leokadia Kaijage.

Ilikuwa asubuhi ya siku iliyofuata, ofisini kwake, ghorofa ya pili. Leokadia alikuwa mwanasheria wa kampuni tangu ilipoanza. Hakupandisha sauti, wala hakukana. Alisogeza kikombe cha chai upande wa Subilaga kana kwamba wanazungumzia maandalizi ya harusi, na huo utulivu wake ndio uliomshtua Subilaga kuliko aya yenyewe.

"Dada Leo, watu wanaanguka. Mwaka jana peke yake mafundi wamehesabu kuachia mia sita na kumi na moja. Masika hii ni watu watatu kwa siku!"

"Najua idadi. Maelezo sitaki kuyajua, ndiyo maana kumbukumbu zinabaki ndani ya miguu na hatuna nakala hapa. Unachokijua unaulizwa." Leokadia alivua miwani. Bila miwani alionekana mtu aliyechoka sana. "Subi, sikiliza. Toleo la kwanza tulishitakiwa mara tisa. Kesi ya kumi ingetufunga. Kampuni ikifungwa, nani atatengeneza miguu ya hao watu? Watu elfu nne warudi kutambaa kwenye majani ya chai? Sikuandika aya ile ili waanguke. Niliiandika ili waendelee kuwa na cha kuvaa."

"Mama mmoja ameanguka na mtoto wa dakika tano kifuani."

"Na mtoto ni mzima, namshukuru Mungu. Na hakuna aliyekufa, Subi. Miaka minne, safu ya vifo ni sifuri. Ninaikagua kila mwezi."

"Basi turekebishe. Leo. Ni namba moja tu."

"Kurekebisha ni kukiri." Alilisema kama mtu anayetaja amri ya kanisa. "Wakili yeyote akiona tumebadilisha namba ile, atauliza kwa nini, na tangu lini tulijua."

Nje mvua ilianza, ile mvua ya Mbeya inayokuja bila kubisha hodi. Subilaga alifikiria vilima, njia za utelezi, watu elfu nne waliovaa goti lake.

Leokadia ndiye aliyeanza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Isipokuwa liende kama sasisho la kawaida. La kuboresha chaji, kwa mfano. Wewe unao ufunguo wa kulituma kwa jozi zote. Kumbukumbu ya miguu ni ndogo, programu mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani. Kila Himili iliyowaka au iliyo kwenye chaji itapokea ndani ya saa moja. Hakuna atakayeanguka tena, na hakuna kitakachobaki cha kuuliza. Watu wamepona, kampuni imepona."

"Na mama Ikupa? Na wale mia sita?"

"Wana ukurasa wa arobaini na moja."

Subilaga alitoka bila kugusa chai. Alikuwa amekwenda mle ndani kupigana na uovu, na uovu ukampa mkononi kitu kile kile alichokuwa anakitaka.

* * *

Alipiga hesabu njia nzima ya kurudi Tukuyu. Kunakili kumbukumbu kabla ya kutuma sasisho kulihitaji waya, fundi na robo saa kwa kila jozi, jozi elfu nne zimetawanyika kuanzia Uyole hadi Kyela. Miezi. Masika isingesubiri miezi. Kutuma sasa ni kuwaokoa wote na kuwaacha walioumia bila ushahidi. Kungoja ni kuokoa ushahidi huku watatu wanaanguka kila siku, akijua.

Alimkuta Mzee Gwandumi anamlisha mkewe uji kwa kijiko. Aliwaeleza yote. Hakuficha ukurasa wa ishirini na sita wala ile S ya kinyonga. Alipomaliza, Mzee Gwandumi aliweka bakuli chini kwa taratibu mno, kama mtu anayeogopa akiliweka kwa nguvu atalirusha.

"Kwa hiyo mlimwangusha," alisema. "Mlimshika, mkamwangusha, mkaja na karatasi asaini kwamba amejiangusha."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulisaini."

"Ndiyo."

Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikohoa.

"Hao wengine," Ikupa aliuliza, "sasa hivi wanatembea?"

"Wanatembea, mama."

"Na mvua hii?"

"Na mvua hii."

"Sasa umekuja kukaa hapa kufanya nini?" Alijaribu kujiinua, maumivu yakamrudisha kwenye mto. "Mama anatoka damu na mtoto halii, unamshika nani kwanza? Unamshika anayekufa, mwanangu. Ugomvi wa nani alikosea unafanywa baadaye, nje, mashuka yakishafuliwa."

"Ukituma, ushahidi unapotea," Mzee Gwandumi alimkatiza. "Ikupa, watakuita mzembe mpaka kaburini!"

"Wataniita."

"Miguu yako haitafutika," Subilaga alisema. "Niliitoa betri. Lakini ni jozi moja. Watasema ilikuwa mbovu hiyo moja."

"Basi nitakuwa na hiyo moja." Ikupa alifumba macho. "Tuma. Kisha useme. Usitume kimyakimya kama wanavyotaka. Ukishatuma, useme kwa jina lako."

Subilaga alikwenda kukaa kwenye benchi la korido, kompyuta mapajani. Aliandika robo ya sekunde yake mahali pa asilimia thelathini. Mashine ilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Saa tano kasoro dakika nane akabonyeza. Namba zikaanza kupanda: mia, mia tisa, elfu mbili. Zilipofika elfu tatu mia nane na kitu, aliwasha kipaza sauti cha kompyuta, akakiunganisha na spika za jozi zote, akaegemea ukuta, akasema:

"Mimi ni Subilaga Mwakajumba, mhandisi wa Himili. Sauti hii mmeizoea. Kwa miaka minne miguu hii imekuwa ikiwaachia mapema, kabla hamjaanguka, ili ionekane mmeanguka wenyewe. Leo nimeirekebisha. Kama uliwahi kuanguka ukaambiwa ni uzembe wako, uliambiwa uongo. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa ukumbi wa usharika, Tukuyu mjini. Njoo uniambie."

Kule mwisho wa korido mwanamume mmoja aliyevaa Himili alikuwa anapita na chupa ya chai. Alisimama ghafla. Maneno yalikuwa yanatoka kiunoni kwake. Aliinamisha kichwa akayasikiliza mpaka mwisho, chupa imemning'inia mkononi, kisha akaanza kuyagusa mapaja yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta mahali alipoumwa.

Simu ya Subilaga ilianza kuita. Leokadia. Iliita mara saba. Ilipofika saa sita mchana, ufunguo wake ulikuwa umekwisha kufungwa.

* * *

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa nne. Mzee Gwandumi, aliyekuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyeomba funguo, akapanga mabenchi, akaweka meza moja mbele. Mvua ilipiga mabati mpaka watu wakalazimika kuzungumza kwa kelele. Walikuja waliovaa Himili na waliokuja kwa magongo kwa sababu waliapa hawataivaa tena. Kila mmoja alikuwa na neno aliloambiwa, na aliliweka mezani kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

"Mimi niliambiwa nilivaa kandambili."

"Mimi, eti nimenenepa tangu nipimwe."

"Mimi walisema nilikuwa naimba, sikusikiliza tahadhari. Nilikuwa kwaya! Nisiimbe?"

Watu walicheka, na katikati ya kicheko hicho wengine wawili walikuwa wanalia. Mwanamke mmoja alimuuliza Subilaga mara tatu, "Kwa hiyo si mimi? Una hakika si mimi?" Subilaga aliandika. Jina, siku, mahali, mfupa. Hakuwa na kumbukumbu za mashine, lakini alikuwa na watu mia moja na zaidi ambao hawakujuana na waliosimulia jambo lilelile kwa maneno yaleyale. Alianza kuamini kwamba alichagua vizuri.

Ndipo akaja Mzee Asukile.

Alikuwa mtu mrefu, koti lake la mvua limelowa hadi bitana, na alibeba begani kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Alikiweka mezani akakifungua polepole. Himili ya toleo la nne, safi, imepakwa mafuta kwenye bawaba, taa ndogo ya kijani inawaka.

"Si yangu," alisema. "Ya marehemu mke wangu."

Subilaga aliinua kalamu kwenye karatasi.

"Tulimzika mwezi wa tatu mwaka jana. Alikuwa anatoka chemchemini. Kichwa kilipiga jiwe. Akaja fundi wenu akaichomeka waya, akasema kifaa hakikuwa kazini, nikasaini." Mzee aliongea bila hasira, kama mtu aliyeyarudia maneno haya peke yake mara nyingi. "Sikuamini. Mke wangu alikuwa makini. Nikasema, kilichotokea kimo humu ndani. Nikaogopa ikizimika itasahau. Nimeiweka kwenye chaji tangu siku hiyo. Umeme ukikatika nakwenda kwa jirani mwenye sola. Nilijua iko siku atakuja mtu wa kuuliza. Nikakusikia Jumatano. Ulisema kutoka kule kwenye kona nilikoiweka."

Safu ya vifo ni sifuri. Subilaga alisikia sauti ya Leokadia kama vile ameketi naye benchi moja. Kifaa hakikuwa kazini. Kwa hiyo hakuna ajali. Kwa hiyo hakuna aliyekufa.

Alichukua waya akauchomeka, ingawa alikwisha kujua. Pengine mtandao ulikuwa mbovu kijijini kwake. Pengine jozi hii ilikuwa miongoni mwa zile chache zisizopatikana. Kioo kikafunguka. Sasisho limepokelewa: Jumatano, saa tano kasoro dakika tatu. Kumbukumbu za zamani: hakuna.

Alitazama neno lile. Mvua ilikuwa imepungua, na ukumbi nao ulikuwa umetulia. Watu wa mbele walikuwa wanasikiliza. Ilikuwa rahisi sana. Angeweza kusema ilikuwa mbovu. Angeweza kusema kampuni imeifuta, na hakuna hata mmoja mle ndani ambaye asingeamini. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini na ya upole, na alipoyasikia jinsi yalivyo laini aliitambua ile sauti: Himili inakuachia.

"Baba, naomba ukae."

"Nimekaa sana. Niambie."

"Hakuna kitu humu. Kimefutika." Alishika ukingo wa meza. "Nimekifuta mimi. Jumatano, niliporekebisha miguu ya wengine. Nilijua kumbukumbu zitafutika. Nilijua na nikatuma."

Mzee Gwandumi, pale pembeni, aliinama akaangalia sakafu.

"Ungeniuliza," Mzee Asukile alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ulimuuliza nani?"

"Mama mmoja tu. Akajibu kwa ajili yake, nami nikachukua jibu lake nikalifanya la wote. Sikujua kama kuna aliyefariki. Sikuuliza kama yupo."

Mzee alinyoosha mkono akaigusa ile taa ya kijani kwa kidole gumba, akaifunika, akaifunua. Kisha akauchomoa waya mwenyewe, akavuta kiti, akakaa mbele ya Subilaga.

"Andika," alisema.

"Niandike nini, baba?"

"Hayo uliyoniambia. Kama ulivyoniambia, usipunguze. Anza na jina lako. Halafu la mke wangu. Anaitwa Tusekile."

Subilaga akaandika, na mzee akasogea karibu, akawa anaifuata kalamu kwa macho, herufi kwa herufi.